Ile Programu Niliyosema Haitumiki

Nashipai mwanangu,

Habari ya sweta, ya kuficha pasipoti kifuani, ya kutopokea mzigo wa mtu usiyemjua, umeshaambiwa na kila mtu, hata yule mama anayetuletea maziwa. Mimi sitakuongezea. Umeenda Embulbul kumuaga Auntie Wangari na umesema utarudi kabla ya giza. Nimefunga duka mapema, nimeketi kwa kiti chako mbele ya kompyuta, lakini naandika kwa kalamu. Miaka tisa nimewapigia watu barua hapa Kitengela, na najua vile mtu hujificha nyuma ya herufi zilizonyooka. Leo sitaki kujificha.

Umeniuliza mara mbili kama kesho kutakuwa na maombi kabla uondoke. Mara ya kwanza nilijifanya nasikiliza printa. Mara ya pili nikasema tutaona. Unajua vizuri kwamba mtoto wa kanisa letu hatoki kwenda mbali bila akina mama kuja, chai iwekwe, mikono iwekwe juu ya kichwa chake. Hata yule kijana wa jirani aliyekuwa anaenda Machakos tu aliombewa mpaka chai ikapoa. Kumtoa mtoto kimya kimya ni kuwaambia watu ametoka vibaya. Na mimi ndiye niliwaambia akina mama wasije.

Wacha nikuambie kwa nini. Halafu nikuambie na ile sehemu ambayo mpaka leo mchana sikuwa nimemwambia mtu.

Mwaka jana, mwezi wa pili, kompyuta hii ilikuwa imechoka. Unabonyeza kitu, unaenda kuosha vikombe, unarudi ndiyo kinafunguka. Siku moja watu wa msiba walikuja kuchapisha kijitabu cha mazishi, mashine ikaganda, na mkubwa wao akaniuliza kwa upole kama marehemu naye angoje. Ndipo nikamwita Mutiso, yule fundi wa nyuma ya soko.

Mutiso alitazama kwanza ile alama ya mafuta kwa ukingo wa kioo. Unakumbuka kompyuta ilipoletwa, mchungaji alikuja na chupa ya mafuta akaiweka wakfu, na akina mama wakaomba duka hili siku moja liwe lako. Mutiso si mtu wa kanisa sana. Aliniuliza kama huwa tunaikaangia mandazi. Kisha akasema mashine haina ugonjwa, imeshiba tu.

“Programu ni kama watu wa ukoo mjini, Mama Nashipai,” akasema. “Wanaingia na mfuko mmoja, na hawasemi wataondoka lini.”

Nilitaka azitoe yeye. Akakataa. Alisema hajui ni gani ya kazi na gani imekaa bure, na akitoa ya kazi nitamlaani mpaka kwa maombi ya mfungo. Badala yake akanifundisha, na mimi nikaandika kwa kitabu cha mazoezi kama mtoto wa darasa la tatu. Kila faili, alisema, iko na tarehe tatu: siku iliyoingia, siku iliyobadilishwa, na siku iliyoguswa mwisho. Unafungua folda za programu, unazipanga zikae kwa orodha, unaongeza safu ya ile tarehe ya kuguswa mwisho, halafu unabonyeza kichwa cha safu hiyo. Zinajipanga zenyewe, za zamani juu, za juzi chini. Ile ambayo haijaguswa mwaka mzima, ujiulize ni ya nani na inafanya kazi gani. Zile za mashine yenyewe usiziguse. Na ukitaka kutoa moja, itoe kwa mlango wake, usikate folda kama mtu anayekata mti.

Akanionya pia kwamba hiyo tarehe inaweza kudanganya. Kuna kompyuta ambazo hazijisumbui kuiandika. Halafu kuna ile programu inayolinda virusi visiingie, ambayo hupitia faili moja moja ikizikagua, kama askari wa usiku wa ploti anayetikisa kufuli za wapangaji. Asubuhi kila kufuli imeshikwa, na hakuna mlango uliofunguliwa.

“Usihukumu kwa tarehe moja,” akasema. “Tafuta vifaili vidogo ambavyo programu huandika mtu akifanya kazi ndani yake. Hivyo ndivyo mashahidi.”

Hayo maneno yalinipendeza. Kanisani pia hatumshtaki mtu kwa shahidi mmoja.

Jumatano iliyofuata hakukuwa na wateja. Wewe ulikuwa umeenda Kajiado kutafuta cheti cha kuzaliwa, ulisema cha zamani kimeloa. Nikafungua folda, nikapanga safu, na wacha niseme ukweli, nilifurahia. Hapo juu kabisa nilikuta programu ya ile printa iliyokufa ukiwa kidato cha pili. Nikaitoa. Nikakuta mchezo wa karata ambao hata sijui nani aliuweka nyumba ya mcha Mungu. Nikautoa. Halafu nikakuta ile ya kutengeneza kadi za harusi na vijitabu, ile niliyokuwekea ili ujifunze, uchukue duka. Iliguswa mwisho siku ile ile iliyoingia.

Nilikaa nikiitazama hiyo tarehe. Kila jioni nilikuwa nakuuliza unaendelea aje na kadi. Kila jioni ukaniambia, poa, Mum.

Nikaenda chini ya orodha nione basi ni nini hutumika. Ya mwisho kabisa ilikuwa na jina refu ambalo ulimi wangu haukuweza kulisoma. Iliguswa asubuhi hiyo hiyo, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi.

Nikasema ni yule askari anatikisa kufuli. Mwanangu, nilitaka sana awe ni yeye. Lakini nilikuwa nimefundishwa kutafuta mashahidi, kwa hivyo nikafungua folda. Vilikuwamo vifaili vidogo, vingi kama dengu. Kimoja kwa kila siku. Kila kimoja kimeandikwa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili asubuhi, tangu mwaka wa nyuma, Jumapili pia, Krismasi pia. Nikabonyeza kimoja. Ikatoka sauti yako, chini chini, ikisema maneno nisiyoyajua, ikikosea, ikirudia.

Na mimi niliijua hiyo sauti. Nilikuwa nimeisikia kupitia huo mlango mwaka mzima.

Hapa ndipo penye kidonda, Nashipai, na nitakionyesha bila kitambaa. Ulikuwa umeniambia unaamka saa kumi na moja kuomba. Mimi hulala chumba cha nyuma, wewe ulikuwa huku mbele, na nilipoamka nikasikia mwanangu ananong’ona lugha ambayo si Kiswahili, si Kikikuyu, si Kimaasai, nilipiga magoti kando ya kitanda nikalia kwa shukrani. Nilidhani unanena kwa lugha. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa nikashuhudia. Nilisema mimi ni mwanamke niliyeachwa, elimu yangu ni ya darasa la nane, lakini Bwana amemtembelea binti yangu. Watu walipiga makofi mpaka watoto wakaamka. Wewe ulikuwa kwa kwaya, safu ya pili. Uliangalia viatu vyako, na mimi nikasema moyoni, tazama unyenyekevu.

Baada ya ibada Mama Mchungaji akakuomba umwombee goti lake. Ukaliombea, kwa Kiswahili.

Ungeniambia siku hiyo. Ungeniambia hata njiani tukirudi, ningeaibika, ningekukasirikia mpaka Jumatano, na yangeisha. Uliniacha nikaenda na ushuhuda huo miezi sita. Niliutoa tena kwa mkutano wa akina mama kule Ngong. Niliwaambia wageni. Kila mara niliposimama, wewe ulijua na mimi sikujua. Sijawahi kuwa uchi mbele za watu, lakini nafikiri ni hivyo.

Sasa ile sehemu yangu.

Niliiondoa hiyo programu. Niliitoa kwa mlango wake, vile nilivyofundishwa. Mutiso alikuwa amesema ukitoa programu, mara nyingi vile vifaili vidogo hubaki, kwa sababu si vyake, ni vya mtu aliyefanya kazi. Na kweli vilibaki. Programu ingeweza kurudishwa. Vifaili ndivyo vilikuwa mwaka wako. Nikavichagua vyote pamoja, nikavifuta. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Halafu nikaenda kwa pipa la taka la kompyuta, nikalimwaga nalo, nisiache kitu cha kuokota.

Ulirudi kutoka Kajiado jioni, vumbi mpaka kwa kope, ukakaa kwa mashine. Nilikuwa napiga pasi pale mlangoni. Ulibonyeza, ukabonyeza tena.

“Mum, umeisafisha mashine?”

“Nimetoa zile hazitumiki.”

“Ulijuaje hazitumiki?”

“Si Mutiso alinionyesha? Kwa tarehe.”

Ukageuka ukaniangalia. Hukukasirika. Uliniangalia vile mtu anaangalia saa kujua kama imesimama. Halafu ukasema, “Sawa,” ukainuka kwenda kukuna nazi ya wali, na usiku huo tulikula vizuri sana, tukisifiana chakula.

Nilidhani nimekushinda. Wewe usingeweza kulalamika bila kukiri, na mimi singekiri bila kulalamika. Lakini tarehe hizo ungeweza kuzisoma kuliko mimi. Ulijua wakati huo huo, ukiwa bado na vumbi, kwamba kitu kilichoguswa asubuhi ile hakiwezi kuwa ndicho hakitumiki. Ulijua mama yako amekudanganya usoni akiwa na pasi mkononi.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukuuliza tu. Nikaona ni tabia ya zamani. Wakati baba yako alianza kwenda Rombo kununua vitunguu, alikuwa anakaa siku tatu, halafu wiki. Mvua za mwezi wa nne zilikuja, udongo huu wetu mweusi ukawa vile unavyokuwa, mtu anaacha kiatu barabarani, na gambuti zake za mpira zikakaa nyuma ya mlango zimekauka, buibui amejenga ndani. Nilijua. Mwanamume mwenye nyumba Kitengela hawezi kupita mvua hizo bila gambuti. Nilijua ana mlango mwingine mahali pakavu, na sikumwuliza miaka miwili. Nilizipangusa tu kila Jumamosi, nikazirudisha. Nilifikiri kunyamaza ni uvumilivu, na kanisani nilisifiwa kwa uvumilivu huo. Alipokuja kusema mwenyewe, alisema jambo moja ambalo sijawahi kukuambia. Alisema, “Ulikuwa unajua, na hukuniita hata mara moja.” Nilimwona mkatili, mtu anayenibebesha kosa lake. Bado naona ni kosa lake. Lakini hilo neno alilisema, na halikuwa uongo.

Kwa hivyo nilipoona tarehe zako, sikuona msichana anayesoma. Niliona gambuti. Nikasema huyu naye ameshaondoka, amebaki mwili tu. Na yule mwingine nilimwacha aende bila kumgusa, basi huyu nitamkata miguu. Nisamehe kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa moyoni.

Asubuhi yake niliamka saa kumi na moja. Kimya. Na kesho yake, kimya. Ulianza kulala mpaka saa moja kama mtu mwingine. Mimi ndiye nilikuwa macho, nikisikiliza. Ukaanza kwenda Embulbul kila Jumamosi, ulisema Auntie anaumwa mgongo. Nikajua mgongo huo ni nini, nikanyamaza. Unaona? Hata hapo.

Miezi miwili iliyopita ukaja na Wangari, mkakaa pale kwa benchi ya wateja kama watu wamekuja kuposa, ukaniambia viza imetoka, unaenda Ujerumani kusomea uuguzi. Nilishtuka kwa jinsi nilivyoshtuka, maana nilikuwa najua. Nikauliza nani mwingine anajua. Wangari akaanza kuhesabu kwa vidole. Mwalimu wako wa Kijerumani. Binamu zako wawili. Mama Mchungaji, ambaye ndiye alikuandikia barua ya tabia njema na kunywa chai yangu kila Alhamisi bila kusema kitu. Alipofika kidole cha sita nilimwambia aache. Ulikuwa umewaambia watu wote wanaonipenda, ukaniacha mimi. Ndipo nilipowaambia akina mama kwamba siku ya safari yako nitakuwa na kazi nyingi, wasijisumbue. Walielewa. Wengine wakaanza kukusalimia kwa ncha za vidole, na mimi nikaona, na nikaacha.

Wiki iliyopita Wangari alipita hapa kuleta lile sanduku. Alikuwa na hasira nami kwa sababu ya maombi. Akasema mtoto huyu ameteseka, alianguka mtihani wa kwanza mwaka jana, wenzake aliosoma nao wakaenda akabaki, akarudia kutoka somo la kwanza kwa simu ya kuazima, na mama yake hawezi hata kumwekea chai.

Sikuwa najua kuna mtihani ulianguka. Nikamwuliza ulikuwa lini. Akasema mwezi wa tatu.

“Si ni ile virusi,” akasema. “Ile ilikula masomo yake yote, wiki tatu kabla. Kwani hakukuambia kompyuta yenu iliingia virusi?”

Nilisema ndiyo, nakumbuka, virusi. Nikaingia jikoni kumwekea chai.

Hukumwambia. Dada yangu mwenyewe, ambaye ulimwambia kila kitu, hukumwambia hilo. Ulianguka mtihani kwa mkono wangu, ukapoteza mwaka, ukapanda magari ya Ngong kwenda Embulbul kila Jumamosi kwa jua na kwa mvua, na ulipoulizwa, ukamtaja mdudu. Mimi nilikuwa nimekaa na kesi yangu mwaka mzima, ushuhuda wangu, aibu yangu, vidole sita vya Wangari, naihesabu kila asubuhi kabla sijaomba. Na wakati huo wote ulikuwa umenifunika.

Sitakudanganya tena, kwa hivyo sitasema maumivu yameisha. Bado nikikumbuka siku ile ya makofi uso wangu unawaka. Ulinisaliti, mwanangu, na sina neno laini la kuweka mahali pa hilo. Lakini wewe ulinificha kitu kilichokuwa chako. Mimi niliharibu kitu kilichokuwa chako, kisha nikakipa jina la usafi. Nimejaribu kuyaweka hayo mawili yawe sawa na yamekataa. Kama kuna jambo la kubeba kutoka kwangu, ni hilo tu, na ulibebe vile unaweza: ukijua kitu kuhusu mtu unayempenda, mwulize ukiwa bado unaogopa jibu. Ukingoja mpaka usiogope, utakuwa tayari umeshafanya jambo.

Leo saa sita nilienda kwa Mama Mchungaji. Kulikuwa na akina mama wengine wanne wanachambua mboga za harusi ya Jumamosi, na kidogo nirudi. Halafu nikasema, hapana, nilishuhudia mbele ya watu, nitafuta mbele ya watu. Nikawaambia binti yangu hakuwa ananena kwa lugha. Alikuwa anasoma Kijerumani. Nikawaambia nilivyogundua, na nilichofanya, na kwamba mtihani ule ulianguka kwa sababu yangu, na kwamba niliwakataza kuja kukuombea kwa sababu ya kisasi.

Mama Mchungaji aliangalia sukuma zake. Ni Koko Naisula ndiye aliyeongea kwanza, yule nyanya anayekuja kutoka Isinya na fimbo.

“Kwani Mungu hajui hiyo Kijerumani?” akasema.

Wakacheka, mwanangu. Mimi sikuweza, lakini nilikaa chini. Mama Mchungaji akaniambia ile barua aliandika kwa kuogopa, kwamba siku nyingi ametaka kuniambia na akaona nitaumia. Nikamwambia niliumia. Akasema anajua. Halafu akanisogezea kisu na fungu la sukuma, nikachambua nao mpaka saa nane.

Watakuja kesho saa nne asubuhi, wote watano, na wengine watakaoambiwa. Nimeshanunua majani na maziwa. Barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako, uisome leo kabla hawajafika, kwa sababu sitaki upigiwe magoti na mtu ambaye hujui alichokufanyia. Ukiisoma na ukaona huwezi kuwekewa mkono na mimi, kaa katikati yao, mimi nitakuwa jikoni na chai, na sitauliza.

Koko aliuliza waombe nini hasa, kwa sababu maombi ya duka waliyaomba kwa nguvu na hayakushika. Wengine wakasema tuombe asisahau nyumbani, asiolewe huko, arudi mapema. Waliniangalia mimi. Nikawaambia kurudi tumwachie mwenyewe. Kesho tuombe afike.

Mama yako